Nani Anamdhamini Asiye na Dini?

Aprili mwaka 1969, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikusanyika Morogoro katika mkutano ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mji huu. Chama chao, ANC, kilikuwa kimepigwa marufuku kwao, viongozi wake wakubwa wakiwa kifungoni katika kisiwa cha Robben. Waliosalia walikuja chini ya Milima ya Uluguru kuamua mapambano yaendelee vipi. Oliver Tambo, aliyekiongoza chama uhamishoni, alikuwa Mwanglikana mcha Mungu ambaye kabla ya siasa kumzidi alitaka kuwa padri. Pamoja naye alikuwa Joe Slovo, mzaliwa wa Lithuania kutoka familia ya Kiyahudi, mkomunisti ambaye hakuficha kwamba haamini kuwa Mungu yupo. Mkutano ulipomalizika, Slovo aliingizwa katika Baraza la Mapinduzi, chombo kilichokabidhiwa kuongoza vita.

Miaka minane baadaye, mwaka 1977, serikali ya Tanzania iliipa ANC eneo la Mazimbu, nje kidogo ya mji, palipokuwa shamba la mkonge. Vijana waliokimbia risasi za Soweto walijengewa hapo shule, mabweni, hospitali, karakana na mashamba. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mazimbu palikaa Wakristo, Waislamu, na wengine waliosoma Marx wakaacha dini zao. Mwezi Julai 1992 majengo hayo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Kwa hiyo Morogoro, mji wa misikiti na misheni, uliishi na watu wasioamini Mungu kwa miaka kumi na mitano, ukawauzia mchicha na kuwapa lifti, na huenda watu wake waliwazika ndugu zao pamoja nao. Wasioamini hao hawakuja kama watu wa kuogopwa. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika miaka hiyohiyo, nchini Marekani, mtu wa namna hiyo alikuwa miongoni mwa wasioaminika kuliko wote.

Mwaka 1958 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wangempigia kura mgombea urais wa chama chao, mwenye sifa zote zinazotakiwa, ila tu haamini Mungu. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 18. Swali hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na mwaka 2019 waliokubali walifika asilimia 60. Ni hatua kubwa. Lakini mwaka huohuo zaidi ya asilimia 90 walisema wangempigia mgombea Mkatoliki, mgombea mweusi au mgombea mwanamke. Hata mgombea Mwislamu, katika nchi iliyoingia vitani Afghanistan na Iraq, alimpita asiyeamini.

Wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na Penny Edgell, walichapisha mwaka 2006 utafiti ulioonyesha jambo hilo kwa upande wa maisha ya nyumbani. Waliwauliza watu kundi gani halishiriki kabisa maono yao kuhusu jamii ya Marekani, na kundi gani wasingependa mtoto wao aoe au aolewe nalo. Katika maswali yote mawili wasioamini Mungu ndio waliokataliwa zaidi, kuliko Waislamu, wahamiaji na makundi mengine yaliyotajwa. Karibu nusu ya waliohojiwa walisema wasingeridhia ndoa ya namna hiyo.

Chuki ya aina hii ina mizizi ya zamani. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika barua yake ya mwaka 1689 ya kutetea uvumilivu wa dini, aliwatetea watu wa madhehebu mengi, kisha akawatoa nje wasioamini Mungu. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi, mapatano na viapo, ambavyo ndivyo vinavyoishikilia jamii, havina nguvu juu ya mtu asiyemwogopa Mungu. Waanzilishi wa Marekani walimsoma sana Locke. Katiba ya nchi yao ilikataza kuweka sharti la dini kwa wanaoshika nafasi za umma, lakini majimbo kadhaa yaliliweka. Mpaka mwaka 1961 jimbo la Maryland lilikuwa likimtaka hata mthibitishaji wa nyaraka atamke kwamba anaamini Mungu yupo. Roy Torcaso alikataa, akanyimwa kazi, akaenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda.

Kisha ikaja Vita Baridi. Adui alikuwa Urusi ya Kikomunisti, na ukomunisti ulikataa dini, basi kumwamini Mungu kukawa alama ya uzalendo. Mwaka 1954 Wamarekani waliongeza jina la Mungu katika kiapo cha utii kwa bendera, na mwaka 1956 wakapitisha kaulimbiu ya taifa inayotangaza kwamba wanamtumainia Mungu. Mmarekani aliyekulia katika miaka hiyo alifundishwa tangu shule ya msingi kwamba asiyeamini yuko upande wa adui.

Wanasaikolojia ndio waliofika kwenye kiini. Will Gervais, Azim Shariff na Ara Norenzayan, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, walichapisha mwaka 2011 mfululizo wa majaribio. Katika moja, watu walisimuliwa kisa cha mwanamume aliyeligonga gari lililoegeshwa, akaondoka bila kuacha anwani yake kama sheria inavyotaka, kisha akaokota pochi ya mtu na kuchukua fedha zilizomo. Waliombwa kukisia mtu huyo ni nani. Wengi hawakumdhania kuwa Mkristo wala Mwislamu, ila wepesi wa kumdhania kuwa asiyeamini Mungu ulilingana na wepesi wa kumdhania kuwa mbakaji. Watafiti hao waligundua kwamba linalowasumbua waumini si karaha wala hofu ya kupigwa. Ni kutoaminiana. Mtu anayejua kwamba anatazamwa hujichunga, na muumini anadhani asiyeamini hana anayemtazama.

Mwaka uliofuata, Gervais na Norenzayan waliongeza jaribio jingine ambalo kwangu ndilo lenye somo kubwa zaidi. Waliwaonyesha watu video kuhusu kazi nzuri ya jeshi la polisi la Vancouver, kisha wakawauliza kuhusu wasioamini Mungu. Waumini walioiona video hiyo walionyesha kutowaamini kwa kiwango kidogo kuliko wenzao ambao hawakuiona. Walipokumbushwa kwamba yupo mwingine anayetazama, mwenye sare na pingu, hofu yao ilipungua.

Tukirudi Morogoro na swali hilo la nani anayetazama, mahali pa kuanzia ni sokoni. Kabichi, karoti na njegere hushuka kutoka Mgeta na Nyandira, ndizi na viungo kutoka vijiji vya upande wa mashariki, na sehemu kubwa ya biashara hiyo hufanyika kwa mali kauli. Mkulima anamkabidhi mchuuzi mzigo, mchuuzi anaahidi kulipa akishauza, hakuna karatasi wala mashahidi. Anayetoa mali kauli anamtazama kwanza anayeichukua: ni mtoto wa nani, anakaa wapi, nani anamfahamu. Kuwa mtu wa swala, au kuonekana kila Jumapili na kila mkutano wa jumuiya ndogondogo, huingia katika hesabu hiyo. Mchuuzi akitoroka na fedha, mkulima anajua wapi pa kwenda kusema. Atamwendea imamu, katekista, au mwenyekiti wa jumuiya, na mkosaji ataitwa.

Ndivyo ilivyo pia katika vikoba, katika kupangisha chumba Kihonda au Mwembesongo, na katika posa. Dini ya mtu ni anwani yake. Inaonyesha mlango wa kubisha hodi mambo yakiharibika. Anayejitangaza kwamba hana dini, kwa macho ya jirani, amefuta anwani hiyo, na maneno yake yoyote mazuri hayana mdhamini.

Hapo ndipo tunapofanana na Wamarekani. Lakini ipo tofauti ambayo sijaiona ikizungumzwa vya kutosha. Mmarekani mwenye dini anamwogopa asiyeamini kwa kuwa anasadiki kweli kwamba mtu huyo hana Mungu. Mtanzania wa kawaida hasadiki hata kidogo. Kwake hakuna mtu asiyeabudu kitu. Anayekwepa kanisa na msikiti basi anaabudu kwingine, usiku, na kwa siri. Mtaani ataambiwa ni Frimasoni, na akipata fedha kidogo maneno yatazidi. Akiwa mzee mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake kijijini, anaweza kuitwa mchawi, na hilo ni jambo la hatari ya maisha katika nchi ambayo wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha nchi 19 za Afrika, uliikuta Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi chache ambako zaidi ya nusu ya watu walisema kafara kwa mizimu au mababu huweza kuwakinga na madhara, na asilimia 93 walisema wanaamini uchawi. Katika hali hiyo, mtu akisema haamini chochote, jirani anasikia kwamba kuna anachokificha.

Kwa hiyo asiyeamini wa Marekani anashtakiwa kwa kukosa anayemtazama, na wa kwetu anashtakiwa kwa kuwa na mlinzi asiyejulikana. Kumtetea wa pili ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu hata akijieleza vizuri kiasi gani, maelezo yake yanahesabiwa kuwa sehemu ya siri.

Uluguru yenyewe ina historia ambayo ingetufanya tuwe wapole katika jambo hili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua misheni Morogoro mwaka 1882, na kabla karne hiyo haijaisha walikuwa wamepanda hadi Matombo. Waluguru waliowakuta waliandikwa katika taarifa za misheni kuwa wapagani. Watu wa pwani na wa misafara tayari walikuwa wakiwaita watu wa bara washenzi na makafiri. Kwa macho ya pande zote mbili, wazee wa milima hii walikuwa watu wasio na dini.

Watu hao wasio na dini walikuwa na mpango kamili wa kuaminiana. Ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama, ardhi ilikuwa ya ukoo, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake. Mkuu wa ukoo aligawa mashamba, na mtu wa ukoo mwingine aliyeruhusiwa kulima alipeleka zawadi ndogo kila mwaka kukiri kwamba ardhi si yake. Mvua ilipochelewa, au maradhi yalipozidi, wazee walitambika. Katika mapango ya kusini mashariki mwa milima aliheshimiwa Kolelo, na watu walitoka hadi Uzaramo kwenda kuomba mvua na mavuno kwake. Jina hilo lilisikika hata mwaka 1905, habari za maji ya kuzuia risasi zilipoanza kusambaa kabla ya Vita vya Majimaji. Mjerumani aliyewadharau kuwa hawana imani alikuja kuona imani yao ikiunganisha makabila ambayo yeye aliyadhani hayawezi kuungana.

Leo vijiji kama Kinole na Mkuyuni vina Waislamu wengi, na Mgeta ni ngome ya Wakatoliki. Waluguru wamezipokea dini hizo kwa dhati, na misheni hizo ndizo zilizojenga shule na zahanati ambazo zimelea vizazi. Mimi ni muumini na sioni aibu kuishukuru kazi hiyo. Ninalolikataa ni dhana kwamba kabla ya hapo bibi na babu zetu hawakuwa watu wa kuaminika. Mzee wa Kiluguru wa mwaka 1870 hakuwa na msahafu wala Biblia, na bado alitunza mpaka wa shamba la mwenzake, alilipa mahari aliyoiahidi, na alilea yatima wa dada yake. Wageni walipomwita asiye na dini, walikuwa wanasema tu kwamba hawaujui mlango wa kubisha hodi kwake. Kosa hilohilo sasa tunalifanya sisi kwa kijana aliyemaliza chuo Mzumbe akarudi nyumbani na kusema hasali tena.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wapo waumini walioingiwa na wasiwasi kwamba ujamaa ungeleta ukomunisti na ukomunisti ungefunga makanisa na misikiti. Katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu uhuru na ujamaa, Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, alieleza kwamba mjamaa halazimiki kwanza kuamua kama Mungu ni mmoja, ni wengi au hayupo. Linalotakiwa ni kuuheshimu usawa wa binadamu, kwa sababu yoyote ile inayomfikisha mtu huko. Kiongozi wa taifa changa, lenye watu karibu wote wa dini, alimwachia nafasi asiyeamini kwa maandishi na kwa jina lake mwenyewe.

Nafasi hiyo ndiyo iliyowapokea wapigania uhuru Morogoro, na ndiyo iliyowapokea maelfu ya Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, ikipita Kilombero ndani ya mkoa huu. Wengi wao hawakuwa na dini yoyote ambayo mkulima wa Mlimba angeitambua. Waliaminika kwa sababu serikali iliwadhamini, na kwa sababu kazi yao ilionekana. Waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na makaburi yao yanaheshimiwa hadi leo. Mgeni wa taifa alikuwa na mdhamini mkubwa kuliko imamu na padri.

Ambaye hana mdhamini ni mtoto wetu mwenyewe.

Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, acha mijadala ya falsafa uende msibani. Kijana anayeacha dini huulizwa mapema sana na mama yake: utazikwa na nani? Mama huyo hatishi, anaogopa kwa dhati. Kwa Mkatoliki aliyejitenga na jumuiya yake, ibada ya mazishi inaweza kukataliwa. Kwa Mwislamu aliyetoka, hakuna wa kumsalia. Katika nchi ambayo mtu hupimwa kwa wingi wa waliokuja kumzika, kubaki bila mazishi ya heshima ni adhabu inayomwangukia zaidi aliye hai, kwa sababu ndugu wataishi na aibu hiyo. Nina hakika wapo wengi wanaokwenda kanisani na msikitini kwa sababu hiyo moja, wakiwa wameshaacha kuamini zamani. Tunapomtisha asiyeamini kwa kaburi, tunachovuna ni mnafiki, na mnafiki ndiye mtu asiyeaminika kwa maana kamili ya neno hilo.

Afrika Kusini ilionyesha njia nyingine. Joe Slovo, akiwa waziri wa makazi katika serikali ya Nelson Mandela, alifariki tarehe 6 Januari 1995 na akazikwa Soweto mbele ya umati mkubwa. Cyril Harris, rabi mkuu wa Wayahudi wa nchi hiyo, alisimama kumuaga mtu ambaye alikuwa ameiacha imani ya wazazi wake. Alisema wazi kwamba watu wa dini walioukubali ubaguzi wa rangi kimya kimya wasithubutu kumlaani Slovo, aliyeyatoa maisha yake kuupinga. Ikumbukwe kwamba ubaguzi ule ulitetewa kwa aya za Biblia katika mimbari za Kanisa la Kireformati la makaburu. Rabi yule hakubadili imani yake hata chembe. Alimpima marehemu kwa alichowatendea watu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni Afrika Kusini, na kwamba kwetu dini ndiyo inayozuia watu wasiibiane. Natamani ingekuwa hivyo kila mara. Mwaka 2009 Watanzania wengi walipoteza fedha katika mpango wa DECI, ambako watu waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna mara mbili au tatu. Wachungaji walikuwa miongoni mwa waliouendesha, na lugha yao ya mimbari ndiyo iliyowatoa watu wasiwasi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa mpango huo. Wajane na wastaafu waliotoa akiba zao hawakutapeliwa na mtu asiye na dini. Walitapeliwa kwa sababu walimwona mtu wa dini wakaacha kuuliza maswali ambayo wangemuuliza mtu mwingine yeyote.

Kenya imepitia machungu makubwa zaidi. Utafiti wa Pew uliotolewa mwaka 2020, katika nchi 34, ulionyesha kwamba asilimia 95 ya Wakenya wanaona ni lazima mtu aamini Mungu ndipo awe na maadili mema, wakati Marekani ni asilimia 44 na Sweden ni asilimia 9 tu. Mwaka 2016 chama cha Wakenya wasioamini Mungu, kikiongozwa na Harrison Mumia, kilisajiliwa mwezi Februari na kusimamishwa mwezi Aprili na Mwanasheria Mkuu, Githu Muigai, kwa maelezo kwamba kulikuwa na wasiwasi juu ya amani na utulivu. Waliolalamika walikuwa watu wa dini. Chama kilikwenda mahakamani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 usimamishaji huo ukaondolewa. Kosa la wanachama wake lilikuwa kukutana na kuzungumza. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Ilipita 400, na watoto walikuwa wengi. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka na mahakama itaamua. Lakini jambo moja halihitaji hukumu ya mahakama: serikali na jamii zilikuwa macho kwa wasioamini wachache waliokuwa wakikutana Nairobi, na zikasinzia mbele ya mahubiri yaliyokuwa yakiua watoto.

Nasema haya kama mtu anayeipenda dini yake. Dini zinafundisha uaminifu, na nimeona waumini wengi wanaorudisha fedha wasizodaiwa na mtu. Wapo pia wasioamini wanaofanya hivyohivyo, kwa sababu walilelewa vizuri, kwa sababu wanawaonea watu huruma, au kwa sababu wanataka kuishi na dhamiri safi. Anayedhani kwamba bila Mungu angeiba leo jioni anatoa ushuhuda mbaya juu ya moyo wake mwenyewe.

Sheria yetu imekwenda mbele kuliko mioyo yetu. Ibara ya 3 ya Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijauliza tena dini ya mtu katika kuhesabu watu. Mahakamani, Mkristo huapa, na mwingine yeyote, pamoja na asiye na dini kabisa, huthibitisha kwamba atasema kweli. Ushahidi wao una uzito sawa na uongo wao una adhabu sawa. Locke alisema asiyeamini hawezi kufungwa na kiapo, lakini mahakama za Morogoro zinampokea shahidi wa namna hiyo na kazi inaendelea.

Utafiti ule wa Vancouver unatuonyesha pa kuweka nguvu. Watu huacha kuogopana wanapojua kwamba mkosaji atashughulikiwa na chombo kinachofanya kazi. Mkulima wa Nyandira akijua kwamba baraza la kata litamsikiliza wiki hiyohiyo, kwamba polisi hawatamwomba hela ya mafuta, na kwamba deni dogo linaweza kudaiwa bila kuuza mbuzi wa kulipia nauli za kesi, hatahitaji kuuliza mchuuzi anasali wapi. Pale vyombo hivyo vinapolegea, mzigo wote wa uaminifu huachiwa mimbari, na asiye na mimbari anakuwa mtuhumiwa kabla hajakosa.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwa waumini wenzangu kwanza. Masheikh na mapadre wetu, ambao maneno yao yana uzito mkubwa kuliko makala yoyote, waseme hadharani kwamba asiyeamini si mchawi wala Frimasoni, na kwamba kumwonea ni dhambi. Familia zikubaliane mapema namna ya kumzika kwa heshima ndugu aliyeacha dini, kwa wosia wake na kwa mikono ya ukoo wake, bila kumlazimisha aigize imani akiwa hai. Wanaotunga fomu za shule, ajira na ofisi waondoe swali la dini pale ambapo jibu lake halisaidii kazi yoyote. Na wewe unayeombwa mkopo, chumba au binti, chunguza madeni ya mtu huyo, kazi yake na jinsi anavyoishi na majirani. Ukishayajua hayo, utakuwa na ushahidi wa kutosha wa kumkubali au kumkataa.